Hesabu za Kiangazi

Violet alikuwa amejiapiza kwamba Jumapili ile angemwambia Isack kabla ya chakula. Alijiapiza asubuhi alipokuwa akipiga pasi gauni lake chumbani kwake Rau, mjini Moshi, akajiapiza tena kwenye kona za barabara ya kupanda Machame. Hata ndani ya kanisa, kwaya ya akina mama ikiimba na Isack ameketi upande wa wanaume akigeuka kumtazama kwa jicho la wizi kama mvulana wa shule, bado alikuwa anayapanga maneno. Ibada ikaisha. Wakasalimiana na nusu ya waumini, wakashuka kwa miguu kuelekea nyumbani kwa akina Isack, na maneno yakabaki yamekwama palepale yalipokuwa.

"Umenyamaza sana leo," Isack alimwambia njiani. "Unamwogopa mama?"

"Kidogo."

"Usimwogope. Siku hizi anakuulizia wewe kabla ya kuniuliza mimi habari zangu."

Akamshika mkono, na Violet akauacha mkono wake ushikwe, huku akijiona kama mtu anayepokea zawadi iliyoandikwa jina la mwingine.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada yake ya fedha, katika chuo kikuu kimoja pale Moshi. Somo lililowakimbiza wenzake, usimamizi wa fedha za makampuni, ndilo alilolipenda kuliko yote. Alilipenda tangu mhadhara wa kwanza kwa sababu lilimpa kitu ambacho maisha hayakuwahi kumpa: namna ya kuamua bila kuogopa. Kampuni ina mtaji. Mtaji huo uwekwe wapi, uondolewe wapi? Unakadiria fedha zitakazoingia miaka ijayo, unazirudisha kwenye thamani ya leo, unatoa gharama. Kinachobaki kikiwa juu ya sifuri, endelea. Kikiwa chini, funga. Baba yake, Mzee Augustino, alitoka Kasulu angali kijana kuja kukata miwa kwenye mashamba ya tambarare, kusini mwa Moshi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuamua lolote kuhusu fedha zaidi ya kusubiri mwisho wa mwezi. Binti yake alipomweleza kwamba huko chuoni anajifunza kuamua hatima ya kampuni nzima kwa kalamu, mzee alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaenda kuwasimulia majirani wote wa kambi ya wakata miwa.

Kwa utafiti wake wa mwisho Violet alipokelewa na kampuni ya maziwa iitwayo Mringaringa, yenye ofisi zake mjini. Meneja wa fedha alimpa swali dogo, ambalo yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya kulishughulikia: je, kampuni iendelee na kituo chake cha kukusanyia maziwa kule juu Machame, au ikifunge na kununua maziwa kwa wafugaji wakubwa wa bondeni? Violet akapanda Machame akiwa na kompyuta yake ndogo begani. Msimamizi wa kituo alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyevaa koti jeupe lililokunjwa mikono, anayewajua ng'ombe wa kijiji kizima kwa tabia zao. Huyo ndiye Isack Nkya.

Siku ile ya kwanza ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na Violet, mtoto wa tambarare, alikuwa anatetemeka. Isack aliliona hilo. Alichemsha maziwa, akamimina kwenye kikombe cha bati, akamwekea mbele yake, akaendelea kupima maziwa ya akina mama. Violet alikunywa akiutazama mgongo wake. Kabla kikombe hakijaisha alishajua kwamba utafiti ule utamchukua muda mrefu kuliko alivyomwahidi mwalimu wake.

Mapenzi yao yalikua hapo, katikati ya madumu ya maziwa na maswali ya utafiti. Na hapohapo ndipo kosa lilipomea.

Ofisi ya mjini ilikuwa na takwimu za miezi michache tu, tangu ilipobadili mfumo wake wa kompyuta, na miezi hiyo yote ilikuwa ya kiangazi. Za nyuma zilikuwa kituoni. Kiangazi majani huwa haba, akina mama hushuka hadi mbugani kununua nyasi, na maziwa hupungua kuliko msimu wowote. Isack alimwambia hivyo kwa kinywa chake. Alimwambia kwamba akiandika kiangazi peke yake atawaonea watu, na kwamba za masika atamtolea yeye mwenyewe, siku yoyote atakayotaka. Violet akasema atazifuata. Kisha siku ya kukabidhi kazi ikakaribia, mwalimu wake Dokta Eliakim akaanza kuuliza amefikia wapi, na hesabu aliyokuwa nayo ilikuwa imetoka safi ajabu: chini ya sifuri, bila utata, kifungwe. Akaikabidhi.

Darasa zima halikupata kazi nzuri kama ile. Dokta Eliakim aliisifu mbele ya wenzake. Meneja wa fedha akaomba nakala, akaipeleka kwenye bodi. Na wiki mbili zilizopita Mringaringa wakatangaza kwamba mwisho wa mwezi kituo cha Machame kinafungwa. Anayetaka kuuza maziwa ayapeleke mwenyewe hadi Boma Ng'ombe, chini bondeni. Jina la Violet halikutajwa popote. Isack alijua kwamba mpenzi wake aliandika mambo ya shule. Hakujua zaidi ya hapo.

Nyumbani waliwakuta wameshaandaa. Mama yake Isack aliitwa Mama Aikande, kwa jina la binti yake mkubwa; alikuwa mjane mwenye uso mwembamba na macho yasiyopitwa na kitu, na ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaoleta maziwa kituoni. Mara ya kwanza Violet alipofika pale, mama huyo alimpokea kwa heshima yenye baridi, kisha akamuuliza mwanawe kwa Kimachame, mbele ya mgeni, kama wasichana wa Machame wamekwisha. Baba wadogo nao waliongeza lao: binti wa kambi ya miwa, watu wa kuja, ukoo haujulikani. Isack alisimama kama mti uliopigwa na upepo na kukataa kuanguka. Ilichukua mwaka mzima. Krismasi iliyopita, Violet alipoamka kabla ya wote na kwenda kumkatia ng'ombe migomba bila kuambiwa, Mama Aikande alimwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo mama," Violet alisema sasa, akipiga goti kidogo.

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, umekonda. Huko mjini hamli?"

Kulikuwa na mtori, na ndizi za nyama, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Mama Aikande alimpakulia kwa mkono wake, akamchagulia nyama iliyonona. Aikande, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hakuwahi kuficha kwamba yeye hajashawishika bado, alikaa upande wa pili wa meza akila taratibu. Wakazungumza habari za mahubiri, na za ndama aliyezaliwa, na za binamu anayeoa Pasaka.

Ndipo Mama Aikande alipoweka sahani yake chini.

"Mwanangu, nina neno na wewe. Isack ameniambia umesomea haya mambo ya makampuni. Hawa watu wanatuambia kituo hakilipi. Mimi sijui maana ya kutolipa. Ng'ombe wangu anakamuliwa kila siku, na maziwa wanayachukua kila siku. Jumatano akina mama tunakutana pale kituoni. Tunataka uje utufundishe la kuwajibu, halafu tukutume kwao mjini ukatusemee."

Aikande alisema, bila kuinua uso, kwamba si vizuri mgeni kupewa kazi.

"Huyu si mgeni tena," mama yake akajibu.

Isack alimtazama Violet kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha. Violet alishika ukingo wa meza. Lilikuwa neno alilolisubiri mwaka mzima, alilokuwa akiliota usiku, na sasa lilimwingia kama mwiba.

"Nitakuja, mama," alisema.

Baada ya chakula Isack alimchukua wakatembee kihambani, kwenye shamba la ukoo nyuma ya nyumba. Walipita chini ya migomba na mibuni hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka juu mlimani. Maji yalikuwa machache, yakipita taratibu juu ya mawe. Isack alianza kusimulia mipango: endapo kituo kitafungwa kweli atatafuta kazi Arusha, lakini kwanza angependa wazee wake washuke kambini kumwona Mzee Augustino, maana hakuna sababu ya kuchelewesha tena. Alisema haya akitazama maji, kwa aibu ya mwanamume anayesema jambo kubwa. Violet alihisi kwamba akimwacha amalize hataweza kusema tena maisha yake yote.

"Isack, ile ripoti iliyosema kituo kifungwe. Mimi ndiye niliyeiandika."

Isack alitabasamu, akidhani ni utani. "Wewe uliandika kazi ya chuo."

"Ndiyo hiyohiyo. Meneja aliomba nakala, akaipeleka kwenye bodi."

Tabasamu likabaki usoni muda kidogo, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima, kisha likaondoka.

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Krismasi ulikuwa hapa. Ulikula na sisi."

"Ndiyo."

Isack aliinama, akaokota jiwe, akaliangalia, akaliweka chini palepale alipolitoa. Alipouliza swali lililofuata sauti yake ilikuwa ya chini sana, na Violet akajua kwamba alikuwa amekwisha kulijua jibu.

"Ulitumia miezi ipi?"

"Ile ya kiangazi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Ulisahau?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema alisahau, na Isack angemwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Ilikuwa wazi machoni mwake. Violet aliutazama mlango ule, akauacha.

"Sikusahau. Hesabu ilikuwa imetoka safi. Niliogopa nikiongeza miezi ya mvua itavurugika na nitakuwa sina jibu la kumpa Dokta. Nikajiambia ni karatasi tu, itakaa maktaba kama za wengine. Na meneja alipoiomba, niliona fahari. Isack, niliona fahari."

Mama mmoja alipita ng'ambo ya mfongo na mzigo wa majani kichwani, akawasalimia. Wote wawili wakamwitikia kwa sauti za kawaida kabisa. Alipotoweka, Isack alisema:

"Kama ungekuwa hukujua, ningekusamehe hapahapa. Mtu asiyejua unamfanya nini? Sasa nifanyeje na mtu aliyejua?"

Violet aliyatazama maji ya mfongo.

"Mimi ndiye niliyewaambia akina mama wakujibu kila ulichouliza," Isack aliendelea. "Wengine hawakutaka. Bibi mmoja aliniuliza, huyu msichana anaandika nini? Nikamwambia, usiogope, huyu ni mtu wetu. Nilikufungulia mlango mwenyewe, Violet. Halafu miezi yote hii unakaa na mimi, na wiki hizi mbili unaniangalia nikihangaika, nikipiga simu mjini kuuliza ni nani aliyetuhukumu."

"Nilitaka kukuambia kila siku."

"Lakini hukuniambia."

Violet aliomba kwenda kumwambia Mama Aikande papo hapo. Isack akakataa. Alisema mama yake ana presha, na jambo hili atalisikia kutoka kwa mwanawe. Kuhusu Jumatano, alisema, aamue mwenyewe. Akina mama wameshaambiwa kwamba atakuja.

Alimsindikiza hadi barabarani, kwa kuwa alilelewa hivyo, lakini alitembea mbele na mikono yake ilikuwa mifukoni. Njia ilipita kando ya ua wa mimea ya sale. Violet alijua kwamba mtu wa huku akimkosea mwenzake humpelekea jani la mmea ule, na aliyepelekewa hukataa kwa shida. Mkono wake ulitaka kuinuka. Lakini aliona hana haki ya kuchuma msamaha kwenye ua wa watu, akapita. Bodaboda ilipokuja Isack alimwelekeza dereva aende taratibu kwenye kona, akageuka, akaondoka bila kumpungia.

Usiku ule Violet alilia hadi akachoka kulia. Kilichomuumiza zaidi ya hasira ya Isack ni namna alivyomkumbuka: koti lililokunjwa mikono, kicheko chake cha puani, jinsi anavyonyamaza kwanza kabla ya kusema jambo la kweli. Alimwandikia ujumbe, akamwandikia mwingine. Alama za kuonyesha umesomwa zilitokea. Jibu halikutokea.

Jumatatu alikwenda kwa Dokta Eliakim na kumwomba airudishe kazi yake. Dokta alimsikiliza akiwa amevua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumtafutia Violet nafasi ya kulala bwenini wakati baba yake alipokuwa hana ada. Alimweleza kwa uvumilivu kwamba kazi ile ilikuwa na upungufu kama kazi zote za wanafunzi, kwamba uamuzi ulikuwa wa bodi na si wake, na kwamba akiifuta sasa hatahitimu na wenzake, atasubiri mwaka mwingine mzima.

"Kampuni si kanisa, Violet," alimwambia. "Haiwezi kubeba kila mtu."

"Najua, Dokta. Lakini niliijua miezi ya masika nikaiacha. Ungenipa alama zile kama ungejua?"

Dokta Eliakim alivaa miwani yake. Kisha akachukua kalamu na kuandika jina la Violet kwenye orodha ya watakaorudia. Alipomrudishia kazi ile, hakumtazama machoni, na Violet alihisi kwamba si yeye peke yake aliyekuwa na aibu mle ndani.

Kwa meneja wa fedha mambo yalikuwa mafupi zaidi. Alisema zikija takwimu za mwaka mzima, zilizokamilika, atazipeleka mbele ya bodi. Hataahirisha kufunga kwa ajili ya ahadi. Jioni Violet alimpigia baba yake. Mzee Augustino alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba muwa ukishakatwa haurudi shinani, lakini kama kazi yake yeye inaweza kurudiwa, basi airudie, na majirani atajua yeye la kuwaambia.

Jumatano ilikuwa na jua kali. Pale kituoni akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na kwenye nyasi, madumu yao matupu kando yao, vitenge vimefungwa vizuri kama siku ya sherehe. Violet alimwona Isack mlangoni akiwa na koti lake jeupe. Isack aliangalia pembeni.

Alikwenda kwanza kwa Mama Aikande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Neno moja tu, bila lile la pili. Uso wa mama ulikuwa umefungwa kama dirisha la nyumba ya msiba. Aikande, aliyekuja akiwa na daftari za shule mkononi, alisogea kidogo kwenye benchi, na Violet hakuweza kujua kama anampisha akae au anamkwepa.

Wengi wa vikongwe pale walielewa Kiswahili kwa shida, na katika mikutano yote Isack ndiye aliyewatafsiria. Violet aliposimama, ilibidi Isack aje asimame ubavuni mwake. Hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu kule mfongoni. Alinukia sabuni na maziwa. Violet alijishikilia ili asimwegemee.

"Mliniita nije niwafundishe la kuwajibu kampuni," alianza. "Kabla ya hapo kuna jambo mnatakiwa kulijua. Karatasi iliyosema kituo hiki kifungwe niliiandika mimi."

Isack akasema maneno hayo kwa Kimachame. Mnong'ono ulipita, ukakua. Mama mmoja alisimama akitaka kuondoka.

"Kaa," Mama Aikande alimwambia, kwa Kiswahili, ili Violet naye asikie. "Huyu nilimpikia mtori mimi. Mwacheni amalize, halafu kila mtu atajua la kufanya."

Violet akaendelea. Aliwaeleza bila kutumia neno hata moja la chuoni. Kwamba alihesabu maziwa ya kiangazi na kuyafanya ndiyo maziwa ya mwaka. Kwamba alikuwa ameambiwa, akajua, akaacha kwa kutaka sifa. Kila baada ya sentensi alinyamaza, na sauti ya Isack ikafuata, nzito, bila haraka.

"Nilikosea," alisema.

Safari hii Isack alikawia. Alipotafsiri, Violet aliona jambo ambalo hakulielewa: akina mama hawakumtazama yeye. Walimtazama Isack. Mama Aikande aliinua kichwa ghafla.

"Isack hakujua lolote," Violet aliongeza upesi. "Yeye alinionya. Lawama ni zangu."

Akasubiri. Isack hakufungua mdomo.

"Hujawaambia hilo," Violet alimnong'oneza.

"Endelea," Isack akasema.

Kikongwe mmoja aliyekaa karibu na tangi aliuliza kitu, kwa sauti nyembamba. Isack alikitafsiri akitazama ardhi. "Anauliza, ulipokuwa unakuja hapa kutuhesabu, ulikunywa maziwa yetu?"

"Nilikunywa, bibi," Violet alijibu. "Kila siku."

Bibi yule alitikisa kichwa polepole, hakusema zaidi, na hakuna shutuma ya siku ile iliyomchoma Violet kama ukimya ule. Alijikaza, akamalizia lililobaki: kwamba kazi ameifuta, kwamba anataka kuhesabu upya, kiangazi na masika, mwaka mzima na miaka iliyotangulia, na kuipeleka kwa bodi kabla ya mwisho wa mwezi. Aliwaambia pia lile ambalo lilikuwa gumu kuliko yote. Hajui hesabu mpya itatoa nini. Huenda ikatoka vilevile.

"Ikitoka vilevile?" Mama Aikande aliuliza.

"Nitakuja kuwaambia hivyo, mama. Mimi mwenyewe."

Mama Aikande alimtazama kwa muda. Kisha akawageukia wenzake, wakajadiliana kwa Kimachame, wengine kwa ukali, mmoja akimnyooshea Violet kidole. Mwishowe akasema kwamba wamekubali ahesabu. Msamaha ni habari nyingine; huo hautolewi mkutanoni. Akafunga kwa sala, na akina mama wakaanza kuchukua madumu yao.

Violet alibaki amesimama. Aikande alikuja karibu naye akipanga daftari zake mikononi.

"Umeelewa alichokuwa anasema?" aliuliza.

"Isack? Alikuwa ananitafsiri."

"Si hivyo hasa. Pale uliposema nilikosea, yeye amesema tulikosea. Na kuanzia hapo hadi mwisho, kila uliposema mimi, yeye amesema sisi." Aikande alitazama kuelekea mlango wa kituo. "Sijui kama unastahili. Lakini nimeona ni vizuri ujue."

Akaondoka kuwahi shule.

Isack alikuwa ndani ya kituo, akiosha tangi kwa maji ya moto. Violet alisimama mlangoni, asijue kama ana ruhusa ya kuvuka kizingiti. Mvuke ulikuwa umejaa kati yao.

"Sijakusamehe bado," Isack alisema, akiwa amempa mgongo.

"Najua."

"Na sijui itanichukua muda gani."

"Nitasubiri."

Alizima bomba, akajifuta mikono kwenye koti, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye naye hakulala tangu Jumapili. Alivuta viti viwili hadi kwenye meza ya dirishani, akafungua kabati zilimokuwa takwimu za masika.

"Kaa basi," alimwambia. "Tuanzie mwaka upi?"